Namna ya kumpata mwandishi wa sheria wa kupitia muswada wa ushindani

Muswada wowote unaogusa Sheria ya Ushindani ukichapishwa kwenye Gazeti la Serikali, maswali huja yaleyale. Kwani wakili wetu wa siku zote hatoshi? Huyo mwandishi wa sheria anapatikana wapi? Analipwaje? Mbona tuliyemchukua safari iliyopita alituletea kitabu kizima na kamati ya Bunge haikuchukua hata mstari? Nimeyajibu kwa simu na kwenye makundi ya WhatsApp hadi nimeona afadhali niyaweke mahali pamoja.

Mwongozo huu ni wako wewe katibu wa chama cha wafanyabiashara Kariakoo, afisa sera kwenye shirikisho la wenye viwanda, mkuu wa kitengo cha sheria kwenye kampuni ya pale Posta, au mratibu wa asasi ya kutetea walaji. Ofisi yako iko Dar es Salaam, muswada unajadiliwa Dodoma, na muda haukusubiri.

Kuna jambo moja ambalo usipolishika, hatua zote zilizo hapa chini hazitakusaidia. Mwandishi wa sheria anahakikisha kwamba maneno yaliyo kwenye karatasi yanafanya kile mlichokusudia. Mnachokusudia hawezi kuwaamulia. Mkimwajiri kabla hamjaamua, mtakuwa mnamlipa kwa siku akae kwenye vikao vyenu akisikiliza mnavyobishana.

Vya kuwa navyo kabla hujampigia mtu simu

- Muswada kamili kama ulivyochapishwa, pamoja na ile sehemu ya mwisho ya Madhumuni na Sababu. Picha za simu zilizorushwa kwenye kundi, ukurasa wa saba haupo na wa tisa umepigwa mara mbili, hazifai.
- Sheria inayorekebishwa, kwa toleo sahihi. Sheria ya Ushindani ilitungwa kama Sheria Na. 8 ya mwaka 2003 na ndiyo Sura ya 285. Imeguswa na marekebisho kadhaa tangu hapo, na Toleo la Marekebisho la Sheria la mwaka 2023 lilianza kutumika Julai 2025. Nakala uliyoihifadhi kwenye kompyuta tangu 2010 inaweza kukupa namba za vifungu ambazo hazilingani tena na za muswada.
- Ukurasa mmoja wa msimamo wenu, uliopitishwa na kamati tendaji: tunataka hiki, tunakataa hiki, hiki hatujali.
- Mtu mmoja mwenye mamlaka ya kumpa mtaalamu maelekezo. Mmoja tu.
- Bajeti iliyoidhinishwa, kodi ikiwa ndani, nauli na malazi ya Dodoma yakiwa ndani.
- Kalenda: lini muswada unasomwa, lini kamati inapokea maoni ya wadau, na kamati yenu tendaji inakutana lini kuidhinisha maoni hayo.

Kama huna ukurasa wa msimamo, simama hapa uuandike kwanza.

Hatua ya 1. Tenganisha maswali ya sera, ya uchumi na ya uandishi

Watu wengi wanamtafuta mtu mmoja afanye kazi za watu watatu. Kwenye sheria ya ushindani hilo linaumiza zaidi, kwa sababu uchumi umeingia hadi ndani ya maneno ya vifungu.

Chukua suala la kuhodhi soko. Sheria ilipotungwa mwaka 2003 iliweka masharti mawili kwa pamoja: kampuni iwe na uwezo wa kubana ushindani kwa faida yake kwa kipindi cha kutosha, na hisa yake katika soko husika izidi asilimia 35. Kama asilimia hiyo ipande au ishuke, hiyo ni sera. Ni juu yenu, Serikali na Bunge. Kama soko husika la saruji ni nchi nzima au ni kanda moja moja, hilo ni la mchumi. Lakini je, hisa inapimwa kwa thamani ya mauzo, kwa tani au kwa idadi ya wateja? Kwa mwaka gani? Masharti mawili yakitenganishwa ili moja litoshe, nini kinatokea kwa kampuni yenye asilimia 38 katika soko lililojaa washindani? Hapo ndipo kazi ya mwandishi wa sheria ilipo.

Orodhesha maswali yenu yote kisha pembeni ya kila moja andika S, U au W. S ni sera, U ni uchumi, W ni kazi ya mwandishi. Ukiona W ni mawili tu, huhitaji kuajiri mwandishi. Mlipe mtu kwa saa chache mmalizane.

Hatua ya 2. Andika hadidu za rejea zisizozidi kurasa tatu

Hadidu za rejea ni karatasi inayomweleza mtaalamu kazi mnayomtaka afanye. Zikiwa ndefu huwa zimenakiliwa kutoka mradi mwingine, na mtaalamu mzoefu anaitambua harufu hiyo kwenye aya ya kwanza. Weka haya:

Sheria ipi. Ushindani si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake ya ushindani na kumlinda mlaji ya mwaka 2018, kwa hiyo sema wazi kwamba mnapitia muswada wa Bara. Wanachama wenu wakiwa wanafanya biashara pande zote mbili, sema pia kama mnataka alinganishe.

Vifungu vipi. Usiandike "kupitia muswada wote na kutoa ushauri". Taja sehemu zinazowahusu, halafu ongeza sehemu nne ambazo karibu kila mteja huzisahau: tafsiri za maneno, adhabu, madaraka ya Waziri kutunga kanuni, na masharti ya mpito (yanayoamua hatima ya mambo yaliyoanza chini ya sheria ya zamani).

Matokeo. Hapa kuwa mkali. Taka jedwali lenye safu tano: namba ya kifungu cha muswada, kinasema nini, tatizo liko wapi, maneno yanayopendekezwa, sababu kwa sentensi mbili. Safu ya nne iandikwe kwa mtindo uleule wa Bunge, yaani "kwa kufuta maneno … na badala yake kuweka maneno …", ili mtu wa kamati aweze kuyachukua kama yalivyo. Maoni yasiyokuwa na safu hiyo yanasomwa kwa heshima na kuwekwa kando.

Lugha. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, lugha ya sheria za nchi hii ni Kiswahili. Sheria mama ya 2003 ilitungwa kwa Kiingereza. Mtaalamu wako lazima aweze kusoma zote mbili bila kubabaika na kukuandikia maneno ya mwisho kwa Kiswahili cha sheria.

Sheria jirani. Baraza la Ushindani linasikiliza rufaa dhidi ya maamuzi ya Tume ya Ushindani (FCC), na pia dhidi ya maamuzi ya wadhibiti wa sekta kama EWURA (nishati na maji), TCRA (mawasiliano), LATRA (usafiri wa ardhini) na TCAA (usafiri wa anga). Muswada ukibadilisha kifungu kimoja tu cha Baraza, umemgusa mwenye kesi ya bei ya umeme na mwenye kesi ya leseni ya mawasiliano. Halafu kuna Afrika Mashariki: Jumuiya ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2006, na mamlaka yake iliyopo Arusha imeanza kupokea taarifa za miungano ya kampuni inayovuka mipaka tangu Novemba 2025. Mwandishi akuambie kama muswada unamlazimisha mwanachama wako kutoa taarifa mara mbili kwa muungano uleule.

Hatua ya 3. Kusanya majina

Waandishi wa sheria wazuri ni wachache na hawajitangazi. Wengi wamepitia Ofisi ya Mwandishi Mkuu wa Sheria na sasa wamestaafu. Anza na hao. Wengine ni wahadhiri wa Shule ya Sheria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wengine walikuwa wanasheria wa taasisi za udhibiti. Chama cha Wanasheria Tanganyika kinaweza kukuelekeza kwa wanachama wenye uzoefu wa kutunga sheria. Kwa wa nje, kuna umoja wa waandishi wa sheria wa nchi za Jumuiya ya Madola, na kuna waliosomea kazi hii kwenye Taasisi ya Masomo ya Juu ya Sheria ya Chuo Kikuu cha London. Majina matatu hadi matano yanatosha.

Angalia: wakili hodari mahakamani anaweza kuwa mwandishi dhaifu wa sheria. Mazoea yake ni kutafuta tundu kwenye kifungu apite nalo. Kazi unayomwajiria ni kuziba matundu, na kuyaziba pia yale ambayo siku moja yangemfaa mteja wake mwenyewe. Wapo wanaoweza yote mawili. Usimchukulie mtu hivyo kwa sababu tu ana jina mjini.

Angalia tena: usimwendee mtumishi wa umma aliyeandika muswada huo, au aliyeko kwenye ofisi iliyouandika, ukamwomba "akuangalizie pembeni" kwa bahasha. Ni kosa, na hata bila kuwa kosa, ushauri wake haungekuwa na maana kwa sababu anakagua kazi ya ofisi yake.

Hatua ya 4. Hakiki

Kama anasema ni wakili, mtafute kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Unachukua dakika chache. Si kila mwandishi wa sheria ni wakili wa kujitegemea, kwani wengine walitumikia serikalini miaka yote, na hilo peke yake si kasoro. Taka TIN. Taka sampuli mbili za kazi za uandishi, sio makala wala hotuba, na mojawapo iwe ya Kiswahili.

Kisha uliza swali ambalo watu wanaliogopa: nani mwingine ni mteja wako kwenye mambo ya ushindani? Mtu anayeitetea kampuni fulani mbele ya Tume au Baraza anaweza kuwa na maslahi makubwa kwenye masharti ya mpito, kwa sababu ndiyo yataamua kesi ya mteja wake iende kwa sheria mpya au ya zamani. Kuwa na mteja si dhambi. Kuficha ndiyo tatizo. Jibu lake liandikwe kwenye mkataba.

Kipimo kidogo cha bure: kwenye mazungumzo, mwache aeleze mazingira ya kikanda. Akianza kukwambia kampuni zenu zitapeleka taarifa kwa tume ya ushindani ya COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, kwa kuwa Tanzania ni mwanachama, mshukuru na umsindikize mlangoni. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Huyo ananakili maoni ya nchi jirani.

Hatua ya 5. Mpe jaribio la kifungu kimoja

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayookoa fedha kuliko zote. Mpe kila mmoja wa watu wawili au watatu waliobaki kifungu kimoja kibovu, mpe siku mbili, mlipe kiasi kidogo cha heshima. Hiki hapa nimekitunga mwenyewe, hakipo kwenye sheria yoyote:

"Mtu yeyote ambaye hatatoa taarifa ya muungano kwa Tume ndani ya muda mwafaka atatozwa faini isiyozidi asilimia kumi ya mapato yake ya mwaka."

Kwa haraka kinasomeka vizuri. Mwandishi wa kweli atakurudishia maswali kabla ya maneno. Mtu yupi: anayenunua, anayeuza, au wote? Muda mwafaka unaanza kuhesabiwa lini, siku ya kusaini mkataba au siku ya kukabidhiana hisa? Ukiweka siku, ni za kalenda au za kazi? Mapato ni mauzo ghafi au yaliyobaki baada ya gharama? Ya Bara tu au ya kundi zima la kampuni duniani? Mwaka upi: wa kosa, wa uamuzi, au uliotangulia? Nani anatoza, Tume au mahakama, na mtuhumiwa anasikilizwa lini?

Usidhani haya ni mapambo. Sheria ya 2003 iliweka faini kati ya asilimia 5 na asilimia 10 ya mauzo ya mwaka. Kwa kampuni tanzu ya Dar es Salaam iliyo chini ya kampuni mama ya ng'ambo, tofauti kati ya "mauzo ya Bara" na "mauzo" peke yake inaweza kuwa tofauti kati ya faini inayouma na faini inayofunga milango.

Baada ya maswali, atakuletea kitu kinachofanana na hiki:

"(1) Mnunuzi katika muungano unaotakiwa kutolewa taarifa chini ya Sheria hii atatoa taarifa hiyo kwa Tume kabla ya kuutekeleza muungano huo.
(2) Endapo mnunuzi ametekeleza muungano kinyume na kifungu kidogo cha (1), Tume inaweza, baada ya kumpa nafasi ya kusikilizwa, kumtoza faini isiyozidi asilimia kumi ya mauzo yake ghafi ndani ya Tanzania Bara katika mwaka wa fedha uliotangulia mwaka ambao muungano ulitekelezwa."

Na pembeni ataweka alama: "Nimechagua mnunuzi peke yake, nimechagua Bara, nimechagua mwaka uliotangulia. Haya matatu ni sera, thibitisheni." Alama hiyo ya pembeni ndiyo inayokuonyesha umepata mtu. Aliyefanya uchaguzi huohuo kimyakimya ni hatari hata kama Kiswahili chake kinang'aa.

Dalili mbaya nazo zinajitokeza haraka. Ukurasa mzima kuhusu umuhimu wa ushindani katika uchumi wa soko. Kubadilisha kumi kuwa tano wakati hakuulizwa. Kuongeza tafsiri ya neno "mtu" ili liingize kampuni, ilhali Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, imeshamaliza jambo hilo. Mtu asiyeijua Sura ya 1 hajawahi kuandika sheria za nchi hii.

Hatua ya 6. Mkataba na malipo

Lipa kwa kazi iliyokabidhiwa, usilipe kwa siku. Mgawanyo ninaoupendekeza ni asilimia 30 mkisaini, 40 jedwali la kwanza likikabidhiwa, 30 baada ya kamati ya Bunge kupokea maoni. Hiyo ya mwisho usiilegeze; bila hiyo, siku kamati inapouliza swali mtaalamu wako atakuwa Arusha kwenye semina ya mtu mwingine.

Kodi iandikwe waziwazi. Kwa mtaalamu mkaazi unakata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye ada ya huduma; kwa asiye mkaazi ni asilimia 15. Kama amesajiliwa VAT kuna asilimia 18 juu yake, na utadai risiti ya EFD. Ugomvi mwingi ninaousikia kati ya vyama na wataalamu unatokana na sentensi moja iliyokosekana: ada hii ni kabla ya makato au baada ya makato?

Mkataba useme pia kwamba kazi ni mali yenu, haruhusiwi kuuza jedwali lilelile kwa chama kingine, na hazungumzi na waandishi wa habari kwa niaba yenu. Mtaalamu wa kigeni anayekuja kufanya kazi nchini, hata kwa siku chache, anahitaji kibali. Shughulikieni na Uhamiaji kabla hajapanda ndege. Maoni yangu: mgeni mtumie kusoma rasimu akiwa kwao, kalamu ishikwe na mtu wa hapa.

Taasisi ya umma ina njia nyingine. Manunuzi yake yanafuata Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023 na kupita kwenye mfumo wa ununuzi mtandaoni wa NeST, kwa hiyo hatua ya 3 na ya 5 hapo juu zinabadilika sura. Jaribio liingizwe kwenye vigezo vya tathmini badala ya kufanywa pembeni.

Hatua ya 7. Mpe maelekezo na taarifa, ila kwa uangalifu

Kikao cha kwanza kiwe cha saa mbili: wewe, yeye, na mtu mwenye kuijua biashara yenyewe. Mpe ukurasa wa msimamo, pitieni maswali yenye alama ya W moja baada ya jingine.

Sasa sikiliza hapa, hasa kama ni chama. Mtaalamu ataomba mifano halisi: bei, hisa za soko, mikataba na wasambazaji. Wanachama wenu ni washindani. Wakianza kumwagiana bei zao mezani kwenye kikao cha kujadili sheria ya ushindani, mmeingia kwenye kosa lilelile mnalotaka kulijadili, kwa kuwa makubaliano ya kupanga bei ndiyo ya kwanza kukatazwa na sheria hiyo. Kila mwanachama atume taarifa zake kwa mtaalamu moja kwa moja. Mtaalamu arudishe picha ya jumla isiyomtaja mtu. Ajenda iandikwe, muhtasari uandikwe, na mtu akianza "sisi tunauza kwa…" mwenyekiti amkatize palepale.

Hatua ya 8. Jaribu rasimu kwa visa

Jedwali likija, usilisome kama gazeti. Tunga visa vitatu au vinne vya biashara yenu na uvipitishe kwenye maneno mapya, mtaalamu akiwepo. Chama cha wenye malori ya bandarini kimetoa orodha ya "bei elekezi" kwa wanachama: kifungu kinawakamata? Kilikusudia kuwakamata? Msambazaji wa sukari amepewa mkoa mmoja peke yake na kiwanda: je? Maafisa wa Tume wanafika ghala la Vingunguti saa moja asubuhi wakitaka kompyuta: wanahitaji hati ya nani?

Kisa cha rufaa usikiache. Mwaka 2022 Tume iliidhinisha kwa masharti kampuni ya Scancem kununua hisa za kiwanda cha saruji cha Tanga Cement, Baraza likaibatilisha idhini hiyo baada ya wengine wasiokuwa wahusika wa muungano kupinga. Kwa hiyo muulize mtaalamu: chini ya maneno haya mapya, nani ana haki ya kukata rufaa, na mnunuzi anajuaje kwamba dirisha limefungwa na anaweza kulipa?

Halafu masharti ya mpito. Kwa kawaida yako ukurasa wa mwisho, kila mtu amechoka, chai imeshaisha. Hapo ndipo panapoamuliwa mambo ya wanachama wako wa leo: taarifa ya muungano iliyowasilishwa wiki moja kabla ya sheria kuanza inaamuliwa kwa kiwango kipi? Kanuni zilizotungwa chini ya kifungu kilichofutwa bado zinaishi? Msamaha wa kutobanwa na katazo fulani, uliotolewa na Tume kwa miaka kadhaa, unaendelea? Uchunguzi uliofunguliwa jana unabeba adhabu ya jana au ya kesho? Anza kikao na ukurasa huo.

Hatua ya 9. Dodoma

Wasilisha jedwali kwa karatasi na kwa faili ya Word, kwa sababu PDF inamlazimu mtu wa sekretarieti kuchapa upya, naye hatachapa upya. Tangulia na barua ya kurasa mbili yenye mambo matatu mnayoyataka kuliko yote. Treni ya SGR imerahisisha safari, lakini vyumba Dodoma wakati wa Bunge vinajaa, weka nafasi mapema.

Msemaji uwe wewe au mwenyekiti. Mtaalamu akae pembeni yako ajibu swali la maneno. Mtaalamu akizungumza peke yake, wajumbe wanamwona kama mtu aliyekodiwa, na mambo yanaishia hapo.

Mbakize mtaalamu kwenye simu hadi muswada upite. Serikali huleta jedwali la marekebisho dakika za mwisho, na mara nyingine sentensi moja iliyochukuliwa kutoka kwenye maoni yenu inawekwa kwenye kifungu kisicho chake.

Mambo yakikwama

*Zimebaki siku tatu na hatuna mtu.* Achana na muswada mzima. Tafuta mtu apitie adhabu, tafsiri za maneno, madaraka ya kuingia na kukagua, na mpito. Vifungu vitano vyenye maneno mbadala yanayoeleweka vitakufikisha mbali kuliko maoni ya jumla ya kurasa arobaini.

*Ameleta insha badala ya jedwali.* Rudisha siku hiyohiyo kwa barua pepe, ukinukuu hadidu za rejea. Usianze kuisahihisha mwenyewe kwa kumwonea huruma, maana ukiigusa tu atasema mlishaipokea. Malipo ya pili yanasubiri.

*Wanachama hawakubaliani kwenye kifungu kimoja.* Mwombe aandike chaguo A na chaguo B, kila moja kamili, kisha kamati tendaji ipige kura. Mkishindwa kabisa, kiondoeni kwenye maoni. Kamati ya Bunge ikiona chama kinajipinga chenyewe, inatilia shaka hata yale mliyokubaliana.

*Wizara inasema maoni yetu yamezingatiwa.* Omba maandishi mapya ya kifungu, mpe mtaalamu ayalinganishe neno kwa neno na safu yenu ya nne. "Yamezingatiwa" linaweza kuwa na maana ya "tumeyasoma".

*Mtaalamu amegundua tatizo ambalo likirekebishwa linawaumiza baadhi ya wanachama.* Amefanya kazi yake. Suala hilo lirudi kwa kamati tendaji kama suala la sera, na usimwombe alifiche kwenye jedwali.

*Muswada umeshapita bila mabadiliko yetu.* Zipo kanuni. Viwango, fomu, ada na muda wa kujibu mara nyingi huachwa kwa Waziri azitungie kanuni, na maneno yake hayapitii tena mjadala wa Bunge kabla ya kuanza kutumika. Kama mkataba wa mtaalamu haujaisha, mwongezee hatua hiyo sasa, na uandike wizarani kuomba rasimu ya kanuni kabla haijatangazwa.